Jua au watu: pa kwenda jua linapogeuka, Juni au Desemba

Desemba yangu ya kwanza Bristol, Uingereza, nilitoka kazini saa kumi na nusu jioni nikakuta taa za barabarani zimewashwa na giza limekaza. Nilisimama kituo cha basi nikidhani saa yangu imeharibika. Mimi nimezaliwa Tanga, ambako mchana mrefu kuliko yote katika mwaka unauzidi ule mfupi kuliko yote kwa dakika 35 hivi. Mtu anaweza kuishi miaka sabini asilitambue hilo. Bristol tofauti hiyo inakaribia saa 9 nzima: mwishoni mwa Juni mchana una zaidi ya saa 16 na nusu, na siku chache kabla ya Krismasi haufiki hata saa 8.

Tangu jioni ile nimeelewa kwa nini watu wa huku, tangu enzi za kale, walibeba mawe, wakachinja na wakawasha moto kwa ajili ya siku mbili tu. Siku ya kwanza ni ile jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, tarehe 20 au 21 Juni. Ya pili ni linapofika mwisho wa kusini, 21 au 22 Desemba. Linafika, linaonekana kama limesimama, kisha linageuka. Wataalamu wanaziita solistasi.

Nimeishi huku miaka kumi na minne na nimezifuata sherehe hizi kadiri likizo na mfuko vilivyoruhusu. Siku hizi ndugu na marafiki wakitaka kwenda kuona japo moja hunipigia simu kuuliza ipi inafaa. Jibu langu hutegemea anayeuliza ni nani, kwa hiyo nimeona niziweke hapa zote pamoja, na nieleze wazi ninayoipenda na sababu yake.

Zipo za mawe, zipo za watu

Kuna jambo moja ambalo lingenipunguzia gharama nyingi kama ningeambiwa mapema. Sherehe hizi ni za aina mbili: zipo zilizoshikamana na jua lenyewe, na zipo zilizoshikamana na watu.

Zile za jua ni za mawe. Mtu wa kale alilisimamisha jiwe lake likabiliane na jua la siku fulani, na jiwe halikuhama. Zile za watu huhama. Wasweden wanaiadhimisha sikukuu yao ya katikati ya majira ya joto, Midsommar, kuanzia siku ya Ijumaa tangu mwaka 1953, ili iungane na mapumziko ya mwisho wa wiki. Ijumaa hiyo huangukia popote kati ya 19 na 25 Juni, jua liwe limeshageuka au bado. Sikukuu yao nyingine, ya Mtakatifu Lucia, iko tarehe 13 Desemba. Kwa kalenda ya kale usiku huo ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko wote. Sweden ilipohamia kalenda mpya mwaka 1753, usiku mrefu ulikwenda na jua na sikukuu ikabaki na tarehe yake.

Na sisi tunayo yetu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, asili yake ni Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ya Waajemi. Huko Iran Nairuzi inaadhimishwa hadi leo mwezi Machi, pale mchana na usiku vinapolingana. Lakini mwaka wa Nairuzi wa pwani yetu una siku 365 kamili, hauongezewi siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja, na kwa karne moja siku 24 hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa ukiangukia Agosti, nasi leo tunauadhimisha Julai.

Mimi sioni kuhama huko kuwa kasoro. Ila ni vizuri msafiri ajue anakwenda kutafuta nini. Anayetaka kusimama mahali na kuona jua likitimiza ahadi iliyowekwa miaka elfu nne au tano iliyopita, huyo aende kwenye mawe. Anayetaka kula, kucheza na kukumbatiwa, aende kwenye zile zilizohama. Niliowaona wakirudi wamenuna ni wale waliokwenda kwenye mawe wakitafuta watu, au kwa watu wakitafuta jua.

Stonehenge ya Juni na Stonehenge ya Desemba

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo wengi wetu tulio Uingereza tunapoanzia, na ndipo wengi wanapochagua wakati usiowafaa.

Stonehenge iko kwenye uwanda wa Salisbury, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka kwangu. Ujenzi wake ulianza miaka 5,000 hivi iliyopita, na yale mawe makubwa tunayoyajua kwenye picha yalisimamishwa kama miaka 4,500 iliyopita. Siku za kawaida unalipa kiingilio na unayatazama kutoka pembeni, huruhusiwi kuingia katikati. Kwa solistasi, English Heritage, taasisi inayopatunza, hufungua bila kiingilio, na unaingia mpaka ndani ya duara. Wenye magari hulipia maegesho. Wasio na gari hushuka stesheni ya Salisbury na kupanda mabasi yanayowekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Uhuru huo una historia. Mwaka 1985 watu waliokuwa wakielekea huko kwa tamasha la Juni walizuiwa na polisi, kukatokea vurugu kubwa mashambani, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu hawakuruhusiwa kuyakaribia mawe siku hiyo. Lango lilifunguliwa tena kwa wote mwaka 2000. Tangu 2016 pombe hairuhusiwi uwanjani, na kwa mwenye watoto au asiyependa ulevi, jambo hilo peke yake linatosha kuipa Stonehenge alama.

Juni unakwenda jioni na kukesha. Jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, upande wa lile jiwe la peke yake lililo nje ya duara wanaloliita Jiwe la Kisigino. Hapo ndipo mstari wa mawe ulipolengwa, kwa hiyo ukibahatika kupata mbingu isiyo na mawingu unaona kile hasa walichokusudia wajenzi. Tatizo ni kwamba mko wengi sana. Hali ya hewa ikiwa nzuri hufika watu zaidi ya 20,000. Ngoma zinapigwa usiku kucha, watu wamelala kwenye majani, vyoo vina foleni, na katikati ya duara mmebanana mpaka mtu mfupi kama mimi anaona migongo tu. Baridi nayo usiidharau kwa kuwa ni Juni. Umande wa saa tisa usiku kwenye uwanda ule unapenya viatu. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na kanga mbili na sweta jepesi, nikatetemeka mpaka mama mmoja nisiyemjua akanifunika nusu ya blanketi lake. Jua halikuonekana. Lilichomoza nyuma ya mawingu na tukajua tu kwa sababu watu walianza kushangilia.

Desemba hukeshi. Unafika alfajiri gizani, lango linafunguliwa kabla ya saa kumi na mbili, na jua linachomoza saa mbili na dakika kumi hivi. Wanaokuja ni maelfu machache, kwa hiyo unaweza kusimama kando ya jiwe na kuliwekea kiganja. Baridi ni ya kweli na ardhi ni tope, ila ukijua hivyo unavaa inavyopasa: mabuti, soksi mbili, koti lisiloingiza upepo, chupa ya chai ya tangawizi.

Hapa nieleze jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mstari wa Stonehenge una ncha mbili. Ncha moja inaelekea mawio ya Juni, na ya pili, upande wa pili kabisa, inaelekea machweo ya Desemba. Ukienda asubuhi ya Desemba huoni jua likipita kwenye mstari huo. Hilo hutokea alasiri, karibu na saa kumi, wakati ile ruhusa ya kuingia kati ya mawe imekwisha. Ukitaka kuona jua na mstari vikikutana huku umesimama ndani, Juni ndiyo nafasi yako pekee.

Hata hivyo mimi nachagua Desemba, na nikiulizwa namshauri mtu Desemba. Sababu ya kwanza ni nafasi na utulivu. Ya pili ina uzito zaidi. Kilomita chache kutoka kwenye mawe, mahali paitwapo Durrington Walls, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa mingi ya nguruwe, na meno yalionyesha kuwa wengi walichinjwa wakiwa na umri wa miezi tisa hivi. Nguruwe huzaliwa majira ya kuchipua. Hesabu miezi tisa, unafika katikati ya baridi. Karamu kubwa ya watu wale, basi, ilikuwa wakati wa giza, walipokuwa wanalihitaji jua kuliko wakati wowote. Nami niliyewahi kusimama kituo cha basi Desemba nikitafuta mchana ulikokwenda, naielewa karamu hiyo kuliko ya Juni. Mwezi wa Juni jua linamwagika tu, hulihitaji kulisubiri.

Mwaka nilioliona, lilitokea jekundu, bila joto lolote, likakaa juu ya nyasi zenye sakitu. Mzee mmoja pembeni yangu alivua kofia. Tulisimama hivyo kwa muda na hakuna aliyesema neno.

Newgrange, kama bahati ipo

Ukivuka bahari mpaka Ireland, bonde la mto Boyne, kaskazini mwa Dublin, kuna kilima cha kaburi kilichojengwa miaka kama 5,200 iliyopita, kabla ya mawe makubwa ya Stonehenge na kabla ya piramidi za Giza, Misri. Ndani yake kuna ujia mwembamba wa mita 19 unaoishia kwenye chumba. Juu ya mlango wameacha tundu. Asubuhi chache kuzunguka tarehe 21 Desemba, jua likichomoza, mwanga unapita kwenye tundu lile, unatambaa sakafuni kama kidole, unafika chumbani na kukaa dakika 17 kabla ya kurudi. Mtu wa kwanza wa zama hizi anayejulikana kuushuhudia ni mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly, aliyejifungia humo peke yake tarehe 21 Desemba 1967.

Siku hizi mwanga unaingia kama dakika 4 baada ya jua kuchomoza. Wataalamu wamepiga hesabu wakaona kwamba kaburi lilipojengwa ulikuwa ukiingia mara tu jua linapotokeza, ila tangu wakati huo mwinamo wa dunia umebadilika kidogo. Nikilinganisha na Nairuzi yetu iliyohama miezi kwa miezi, dakika 4 kwa miaka 5,000 naziona ni uaminifu mkubwa.

Sasa ugumu wake. Chumba ni kidogo, kinachukua watu wachache sana, kwa hiyo wanaoingia asubuhi hizo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Maombi kwa mwaka yamewahi kufika karibu 30,000, na wanaopata ni makumi tu. Kuomba hakuna malipo. Mimi nimeomba miaka sita sijapata. Na hata aliyepata hana uhakika, maana mawingu yakiziba upeo wa mashariki chumba kinabaki giza, naye hana wa kumlalamikia.

Kwa hiyo ukilinganisha Newgrange na Stonehenge ya Desemba, usipange safari ya Ireland kwa kutegemea bahati nasibu. Panga kwenda siku yoyote ya mwaka. Unalipa kiingilio cha kawaida, basi dogo linakupeleka kutoka kituo cha wageni, mnaingia kikundi kidogo, taa zinazimwa, kisha wanawasha taa moja kuigiza mwanga wa solistasi. Nilikwenda Agosti nikiamini taa ya umeme haitanifanya kitu. Zilipozimwa zile za kwanza, giza la mle ndani likawa zito mno, na mstari ule mwembamba ulipoingia machozi yalinitoka. Asubuhi ya solistasi yenyewe watu hukusanyika nje pia, na miaka ya karibuni wahusika wamekuwa wakirusha tukio hilo mubashara kwenye intaneti. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kulitazama kwenye simu akiwa Pangani, akaniuliza, “Hao waliojenga walikuwa waja wa Mungu yupi, mjukuu wangu?” Sikuwa na jibu.

Sweden: utahitaji mwenyeji

Dada yangu anaishi Uppsala, na bila yeye nisingeijua Midsommar hata kidogo. Ijumaa hiyo mji huwa mahame: maduka mengi yamefungwa, watu wamekwenda vijijini na visiwani. Mgeni asiye na mwenyeji atazurura Stockholm akidhani sikukuu imeahirishwa.

Ukiwa na mwenyeji, ni furaha tupu. Asubuhi wanawake, watoto na wanaume pia wanachuma maua na kusuka mataji ya kichwani. Kisha mlingoti mrefu unafungwa majani na maua, juu una umbo la msalaba na pete mbili zinazoning'inia, nao unasimamishwa kwa nguvu za watu wengi. Wanauzunguka wameshikana mikono, wazee na watoto, wakirukaruka kama vyura kufuata wimbo, na hakuna anayeona haya. Meza ina samaki wa heringi waliolowekwa kwenye siki na sukari, viazi vichanga, malai na stroberi. Usiku, ambaye hajaolewa au hajaoa huokota maua ya aina saba bila kusema neno, akayaweka chini ya mto wa kulalia, ili amwote atakayefunga naye ndoa. Mpwa wangu alifanya hivyo akiwa na miaka kumi na mitano, na hadi leo hataki kusema alimwota nani.

Asiye na mwenyeji ana njia mbili. Moja ni Skansen, makumbusho ya wazi yaliyo Stockholm penyewe: unalipa kiingilio, unakuta mlingoti, muziki wa fidla na wakufunzi wa ngoma. Nyingine ni mkoa wa Dalarna, hasa Leksand, ambako mlingoti wao husimamishwa mbele ya maelfu ya watu. Leksand ina uhai zaidi, Skansen ina wepesi zaidi. Mwenye watoto wadogo na siku mbili tu za likizo, Skansen inamtosha kabisa.

Mambo mawili kwa wasomaji Waislamu, kwa kuwa nami niliyakuta bila kujiandaa. La kwanza, kwenye meza nyingi pombe kali inapitishwa kwa vikombe vidogo pamoja na nyimbo, na kadiri jioni inavyokwenda ndivyo inavyozidi. Hakuna atakayekulazimisha, ila jua kwamba ipo. La pili ni swala. Stockholm wakati huo mchana una saa 18 na nusu, na usiku haufiki giza kamili. Isha na Alfajiri zinakaribiana mno, misikiti ya huko ina utaratibu wake, na ni vizuri kuuliza msikiti ulio karibu kabla ya siku yenyewe.

Lucia ya Desemba sitaieleza kwa kirefu. Wasichana na wavulana wa mavazi meupe wanaingia gizani na mishumaa wakiimba, aliye mbele ana taji la mishumaa kichwani, na kuna mikate midogo ya zafarani. Ni nzuri, ni tulivu, haina pombe ya kusumbua, na iko makanisani na mashuleni kila mahali. Ukijikuta Sweden tarehe 13 Desemba usiikose. Kufunga safari kutoka mbali kwa ajili yake peke yake, singefanya.

Makunduchi, ambako mgeni ni sehemu ya sherehe

Sasa niiweke Midsommar kando ya Mwaka Kogwa, maana hizi mbili ndizo ndugu: zote ni za watu, zote zimehama kutoka kwenye jua lake, na zote zinakuja pale kipindi kimoja kinapokwisha na kingine kinapoingia.

Makunduchi nimeijua kwa ndoa. Mume wangu ana ndugu huko, na mara ya kwanza nilipokwenda Julai nilikaa barazani nikiwa nimekunja mikono kama mgeni wa heshima. Mama mkwe akatoka akaniambia, “Mwanangu, leo hakuna wa kukaa. Ingia jikoni, nazi zinakusubiri.” Nikajua nimepokelewa.

Asubuhi watu wanakwenda kuoga baharini, kuuosha mwaka uliokwisha, ndiyo maana ya kogwa. Kisha uwanjani wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini wanapigana kwa mashina ya migomba. Yeyote mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakimalizia pale, kisha kimekwisha. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Mzee huingia ndani, moto unawashwa, anatoka mbio, na watu wanautazama moshi unaelekea wapi ili kujua mwaka utakuwaje. Wanawake wa nguo mpya wanazunguka uwanja wakiimba, na nyimbo zao zina mafumbo ambayo mgeni hayapati yote. Baada ya hapo ni kula, nyumba hadi nyumba, na ngoma kwa siku kadhaa. Asiyepata mgeni nyumbani kwake anahisi mwaka umeanza vibaya. Hapo ndipo Makunduchi inapoishinda Sweden: kule utahitaji mwenyeji, huku mwenyeji ndiye anayekuhitaji wewe.

Wapo wanaouliza kama mila hii inakubaliana na dini. Wapo masheikh wasioipenda, na wapo wenyeji wanaosema ni ada ya mji na si ibada. Kila mtu apime mwenyewe. Mimi nakwenda.

Jambo jingine linaloifanya niithamini ni hesabu yake. Wazee wa pwani walianza kuhesabu kutoka siku ya mwaka kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Mkulima kabla ya kupanda na nahodha kabla ya kutweka tanga waliulizana, huu mwongo wa ngapi? Kwetu majira hayakusomwa kwenye urefu wa mchana, yalisomwa kwenye upepo: kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Uajemi, kusi iliyarudisha. Mtu wa Wiltshire, mkoa wa Stonehenge, alisubiri jua ligeuke, mtu wa pwani alisubiri upepo ugeuke.

Julai ni wakati wa kusi, hewa ni ya kipupwe, usiku unaweza kuhitaji shuka. Tarehe hutangazwa kila mwaka, mara nyingi katikati au mwishoni mwa Julai, kwa hiyo usikate tiketi isiyobadilika kabla ya kuuliza. Daladala za Makunduchi zinatoka mjini Unguja, na pa kulala papo pia Jambiani na Kizimkazi. Valia kwa stara, mabega na magoti yafunikwe, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha za kina mama.

Cusco, kwa mwenye uwezo

Watu huniuliza pia kuhusu Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka huko Cusco, Peru, tarehe 24 Juni. Sijafika, nitasema machache. Peru iko kusini mwa ikweta kama Tanzania, kwa hiyo Juni ndipo mchana wao unapokuwa mfupi, na sikukuu ni ya kuliita jua lirudi. Watawala wa Kihispania waliipiga marufuku katika karne ya 16, ikafufuliwa mwaka 1944 kama maigizo makubwa kwa lugha ya Kiketchua, yakianzia hekalu la Qorikancha na kumalizikia kwenye ngome ya Sacsayhuamán. Viti vya ngomeni vinalipiwa. Mji uko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo fika siku chache kabla ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kutoka Ulaya au Afrika Mashariki ni safari ndefu na ghali, na kwa gharama hiyo hiyo familia nzima ingekwenda Makunduchi.

Pasipoti, watoto na wazee

Hili la viza linawakwaza wengi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Uingereza kwa Stonehenge, ya Ireland kwa Newgrange na ya Schengen kwa Sweden. Ni tatu tofauti. Kibali cha kuishi Uingereza hakikupi ruhusa ya kuingia Dublin wala Stockholm, ingawa ndege ni ya muda mfupi tu. Anza maombi miezi kadhaa mapema, hasa kwa Juni ambapo kila mtu anasafiri. Kwa Zanzibar, raia wa nchi hizo tatu hahangaiki na viza, na hilo pia ni uzito wa kuweka kwenye mizani.

Mwenye watoto wadogo, chaguo langu la kwanza ni Sweden, la pili Makunduchi. Stonehenge ya Juni na mtoto wa miaka mitatu nisingejaribu. Mzee mwenye magoti mabovu asipelekwe kwenye uwanda gizani kama hana mtu wa kumshika mkono. Newgrange nayo, ujia wake ni mwembamba na kuna mahali unainama, kwa hiyo mtu mnene au anayeogopa mahali pa kubana hatafurahia. Kijana aliye peke yake, mwenye nguvu na anayependa ngoma za usiku kucha, huyo simzuii kwenda Stonehenge Juni. Ataona jua likikaa kwenye mstari wake, nami sijawahi kuliona hilo.

Na aliyeko huku peke yake, mwaka wa kwanza au wa pili, anayeona giza la saa kumi jioni linamwelemea kifuani, namwambia aende Stonehenge Desemba. Ni siku moja, haina kiingilio, na atakuta watu wengine wamekuja kusimama kwenye baridi kwa sababu ile ile.

Mwaka huu mama yangu anakuja Bristol kwa mara ya kwanza, anafika katikati ya Desemba. Kwenye simu ameniuliza kama ni kweli jua la huku halipandi juu ya mapaa ya nyumba. Nimeshamnunulia mabuti na koti, na ndugu yangu mmoja mwenye gari amekubali kutupitia saa kumi na nusu alfajiri.